Mjadala: Halmashauri za mkoloni zilikuwa serikali ya watu au kodi iliyovalishwa kanzu?

Kifaurongo

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa msibani Usangi, kwetu Upare, baada ya kuzika tukabaki kwenye mabenchi chini ya turubai, maongezi yakahamia kwenye barabara iliyokatwa na mvua, ndo mzee mmoja, ndugu yake baba, akasema "wakati wa Mwingereza halmashauri ilikuwa halmashauri, pesa ya wilaya ilikaa wilayani, sheria ilieleweka". Watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikanyamaza maana yeye ni mzee na pale ni msiba, huwezi kubishana na mtu ambaye bado ana udongo wa kaburi kwenye viatu, lakini hiyo kauli imenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka leo. Nimeona niilete hapa tuichambue.

Msimamo wangu nauweka mapema ili msinitafute: hizo sheria za serikali za mitaa alizoleta Mwingereza Tanganyika hazikuwa zawadi ya demokrasia hata kidogo. Zilibadilika kila mara baada ya watu kugoma, na hata zilipobadilika, kitu kimoja hakikuguswa: anayekutawala anawajibika kwa aliye juu yake, kwako wewe hawajibiki.

Tuanzie mwanzo. Mjerumani alitawala kwa maakida na majumbe, akida wengi ni watu wa pwani wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili, anapelekwa bara kukusanya kodi kwa watu wasiomjua. Akaja Mwingereza baada ya vita, na 1925 akaletwa gavana Donald Cameron akitokea Nigeria, akasema hii si sawa, tuwarudishie wenyeji machifu wao. 1926 ikatoka sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Sasa hilo neno "kuwarudishia" ndo lilipo tatizo. Chukua mtemi wa Usukuma. Zamani mtemi anasimikwa na banang'oma, wale wazee wa baraza lake, na mvua ikigoma au akileta ubabe hao hao wanaweza kumtoa. Baada ya 1926 anayemtambua ni gavana, anayemwondoa ni gavana, mshahara anachukua hazina ya wenyeji kwa vitabu vinavyokaguliwa na Bwana Shauri, yani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na swali la kwanza analoulizwa ni moja tu, kodi imefika au haijafika? Alafu unaniambia amerudishiwa! Amerudishiwa kiti, ila miguu ya kiti imehamishiwa bomani.

Na wasiokuwa na chifu kabisa wakatafutiwa. Uluguru watu walikuwa wanaishi kwa koo, kila ukoo na ardhi yake na wazee wake, wakawekewa masultani wa kusimamia mlima mzima. Huyo huyo chifu au sultani ndiye anatoa amri, ndiye anakusanya kodi, na ukikaidi amri yake unapelekwa barazani ambako hakimu ni nani? Ni yeye. Sheria ya mabaraza ya 1929 ikazidi kukaza, rufaa za mahakama za wenyeji zikawa zinaishia kwa maofisa utawala mpaka kwa gavana, mahakama kuu haihusiki. Yani mtunga amri, mtoza kodi na hakimu ni mtu mmoja kavaa kofia tatu.

Kwahiyo naomba anayeamini ile ilikuwa serikali ya watu anielimishe. Karibuni.

Babu Karani

Kijana, heshima yako. Mimi baba yangu alikuwa karani wa hazina ya wenyeji kwa hiyo utaniwia radhi nikiwa na upande. Umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu aliyesoma sheria bila kuona kazi ya ile sheria. Wewe unatazama nani alimteua chifu. Sisi tulitazama nini kilijengwa.

Shule za N.A. unazijua? Mwalimu Nyerere mwenyewe alianza shule 1934 pale Mwisenge, Musoma, shule ya Native Administration, hakusoma shule ya malaika. Zahanati za vijijini, mabaraza ya matofali, njia za magari ya pamba na kahawa, malambo ya kunyweshea ng'ombe, vingi vilitoka kwenye hazina hizo hizo unazozidharau. Kulikuwa na makisio ya mwaka yaliyoandikwa, kulikuwa na daftari la mapato na daftari la matumizi, na ikipungua shilingi karani halali nyumbani. Baba alikuwa anatusimulia kuna mwaka shilingi nne zilipotea kwenye hesabu wakakaa siku tatu wanazitafuta mpaka wakaziona kwenye stakabadhi iliyoandikwa mara mbili. Leo shilingi nne ngapi zinapotea?

Pili, usiwafanye wazee wetu kuwa wajinga. Kilimanjaro 1951 Wachagga walipiga kura wakamchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, na walipomchoka, 1960 wakapiga kura tena wakasema wanataka rais wa kuchaguliwa kwa muda. Hiyo sio demokrasia? Ilitokea ndani ya sheria za mkoloni, kabla ya uhuru.

Na tatu, hili nalisema kwa uchungu. Aliyeua halmashauri Tanzania sio Mwingereza. 1972 tukaambiwa madaraka mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa, mwaka uliofuata za miji nazo zikafuata. Na mpango wenyewe uliandaliwa na kampuni ya washauri kutoka Marekani, McKinsey, sisi tukiwa tunaimba ujamaa na kujitegemea. Miji ikaoza, vyoo vya soko vikafurika, ndo 1982 tukatunga sheria nyingine kuzirudisha. Mwalimu mwenyewe baadaye alikiri kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Sasa mzee wako wa Usangi akisema zamani pesa ya wilaya ilikaa wilayani kakosea wapi?

Mpita Njia

Kwahiyo barabara ya Usangi inatengenezwa lini 😂

Ng'wana Geita

Babu Karani shikamoo. Nimesoma, na hizo shilingi nne zimenichekesha, lakini mi natokea upande ambao hiyo sheria iligonga mwamba, ngoja niseme.

Watu wanapenda kutaja sheria ya Serikali za Mitaa ya 1953 kama ndo hatua kubwa. Ni kweli kwenye karatasi ilikuwa hatua, kwa mara ya kwanza inasema kutakuwa na halmashauri yenye madiwani, ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ina fedha zake, sio chifu peke yake. Ilitokana na ule waraka wa Februari 1947 wa waziri wa makoloni Arthur Creech Jones, aliowaandikia magavana wote wa Afrika kwamba tuachane na mambo ya kutawala kupitia machifu, tujenge serikali za mitaa zenye ufanisi, za kidemokrasia na za wenyeji wenyewe. Maneno matamu. Lakini Tanganyika gavana alikuwa Edward Twining na yeye alikuwa na wimbo wake, jamii zote, Mwafrika Mhindi na Mzungu wakae meza moja. Ukisikia haraka unaona ni haki. Sasa fikiria wilaya kama Geita ya wakati ule, Wazungu na Wahindi unawahesabu kwa mikono, unawapa viti kwa sababu ya rangi, alafu viti vinavyobaki vimejaa watemi ambao gavana ndiye anawatambua. Mkulima wa pamba amebakiwa na nini hapo?

Tena Kanda ya Ziwa ndo walipofanyia majaribio makubwa, 1955 wakaunda hata halmashauri ya kaunti, South East Lake County Council, inakusanya wilaya kibao, mambo ya Kiingereza yamebebwa jinsi yalivyo kama sanduku la mgeni. Ikafa baada ya miaka michache wala hakuna aliyeweka matanga.

Na mkumbuke hali ilivyokuwa. Chama cha TANU kilikuwa kimezuiwa Usukumani tangu 1954. Kwa hiyo siasa haina mlango, mlango pekee ulikuwa vyama vya ushirika vya pamba, ile Victoria Federation ya kina Paul Bomani. Huku nyuma miaka kumi watu wamelimishwa kwa amri: punguza ng'ombe, lima kwa matuta, ng'oa masalia ya pamba na uyachome kabla ya tarehe fulani, usipofanya faini barazani kwa mtemi. Baadhi ya hayo yalikuwa na maana kitaalamu, masalia ya pamba yanabeba wadudu kweli, ila mtu akipigwa faini kila msimu na yule yule anayemwambia ni "mzee wetu wa asili" basi heshima ya asili inaisha.

Ndo 1958 wakaja na halmashauri mpya ya Geita ya rangi zote. Watu wakakataa. Hawakuandika waraka mrefu wa katiba, walienda bomani, wakafukuzwa, wakajikusanya kwa maelfu wakaenda mpaka Mwanza kwa wakubwa, wakakaa pale nje, wakapigwa virungu na mabomu ya machozi, viongozi wakakamatwa. Na unajua matokeo? Serikali ikarudi nyuma. Ikasema haitalazimisha tena halmashauri za rangi zote pale ambapo wenyeji hawazitaki, Twining mwaka huo huo akaondoka akaja Richard Turnbull, na marufuku ya TANU Usukumani ikaondoshwa. Sheria iliyochukua miaka kuandaliwa na wataalamu, imeshindwa na watu wenye vumbi miguuni.

Bibi yangu alikuwa binti mdogo tu wakati huo. Nilimuuliza walikuwa wanapinga nini hasa, Wahindi? Akasema hapana, Mhindi wa dukani tulikuwa tunaelewana naye tu, anatukopesha. "Tulikataa kuamriwa na kikao tusichokituma." Sijasoma kitabu kilichoeleza vizuri kuliko hapo.

Babu Karani

Marahaba mjukuu wangu. Hilo la Geita sina ubishi nalo. Ila mwulize bibi na stakabadhi za ushuru wa pamba zilijenga nini.

Jirani wa Kisumu

Wandugu mniruhusu niingilie kutoka ng'ambo ya mpaka, maana hii hadithi ni kama yetu tu, imebadilishwa majina.

Kenya chifu hakuwa hata wa kurudishiwa, sehemu nyingi alitengenezwa kiwandani. Sheria ya 1902 ya viongozi wa vijiji ikaanza kuteua watu, ya 1912 ikawaongezea nguvu, chifu anaweza kuamuru watu watoke kulima barabara, asimamie pombe, ashike watu. Mabaraza ya wenyeji, LNC (Local Native Councils), yalikuja kwa marekebisho ya 1924 na yakaanza kukaa 1925. Na kwa nini 1924? Kwa sababu Desemba 1921 watu walikuwa wamejaa Lundha, kule Gem, kwa mkutano wa Piny Owacho, yani "nchi imesema", wanasema kodi imezidi, kipande (kile kitambulisho cha kazi) hatutaki. Machi 1922 Harry Thuku, kiongozi wa wapinga kodi na kipande, akashikwa Nairobi na watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi. Serikali ikaona heri iwape watu kibanda cha kuongelea kabla hawajajijengea chao. Kibanda kikajengwa, lakini anayekalia kiti cha mbele ni DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Yeye ndiye rais wa baraza! Ajenda iko naye, na maamuzi lazima yakubaliwe na wakubwa wake.

Sasa nataka nimkosoe Kifaurongo kidogo. Usiseme watu walikuwa wanapelekwa tu. Wale wanaume wa LNC walipoona wana uwezo wa kutoza ushuru wao wenyewe, waliushika kwa mikono miwili. Walichangisha pesa za shule wakitaka shule za serikali ambazo hazina amri ya wamishonari, Kakamega na Kagumo ni matunda ya pesa za mabaraza hayo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mkoloni alitaka pesa za barabara na nyumba za machifu, watu wakasema sisi tunataka Kiingereza kwa watoto. Kwa hiyo kile chombo kilikuwa cha mkoloni, sawa, lakini kuna siku watu walikiendesha wao huku DC amekaa hapo mbele anafikiri anaendesha yeye.

Na Babu Karani ana haki kuhusu baada ya uhuru. Sisi mabaraza ya wilaya yalifanywa makubwa zaidi 1950, tukayarithi, halafu 1969 serikali yetu wenyewe ikayanyang'anya shule za msingi, afya na barabara ikapeleka kwa wizara. Tukaachiwa kukusanya takataka na kugombana na mama mboga. Na ile sheria ya mamlaka ya machifu, ile ya chifu kukataza mkutano, kuamuru mtu aje kufanya kazi, unafikiri iliondoka 1963? Iliendelea kukaa vitabuni na meno yake mpaka marekebisho ya 1997. Miaka 34 ya bendera yetu, amri ni za Mwingereza.

Kifaurongo

Jirani nimekubali kukosolewa, hapo kwa shule nilikuwa sijapafikiria. Na kwa kweli ukiangalia hata kwetu Upare ni hivyo hivyo. Ngoja nieleze kwa wasiojua maana mzee wangu wa msibani ni Mpare na ndo kilichoniuma, amesahau historia ya mlima wake mwenyewe.

Wakati wa vita ya pili baraza la machifu wa Upare, kwa kusukumwa na bomani, walianzisha kodi ya pili juu ya kodi ya kichwa, kila mtu anakadiriwa kulingana na mali yake. Wakaipa jina la heshima, mbiru, kwa sababu zamani mbiru ilikuwa kitu watu wanampelekea chifu. Wakadhani jina la asili litalainisha. Sasa kwenye mbiru ya zamani ulikuwa unakula kwa chifu siku ya njaa, hii mpya inaingia kwenye daftari (samahani babu) na anayekukadiria ni mtu wa chifu, anaingia kwako anahesabu mbuzi, migomba, kahawa, anaangalia na sura yako kama anakupenda. Januari 1945 wanaume wakashuka mlimani maelfu wakaenda Same, makao ya wilaya, wakakaa. Hawakupiga mtu. Wakasema kodi ya zamani tunalipa, hii hatulipi, wakakaa miezi, wanapokezana, wanapelekewa chakula kutoka milimani. Mashamba yakabaki kwa wanawake.

Na wanawake ndo waliomaliza mchezo. Inasimuliwa kwetu kwamba 1946 walimzingira DC alipopanda Usangi, wakamwambia chagua moja, uturudishie waume zetu nyumbani au utupe mimba wewe mwenyewe sisi wote. Kuna mtu mwenye waraka wa kisheria wa kujibu hilo? Kodi ikaondolewa, na baada ya hapo ndo watu wa kawaida wasio wa ukoo wa kitemi wakaanza kuingizwa kwenye mabaraza ya Upare.

Tazameni tarehe jamani. Same 1945, waraka wa Creech Jones 1947. Sisemi waziri wa London alisikia wanawake wa Usangi, sina kichaa hicho. Ila yeye aliandika kwa sababu mambo kama ya Same yalikuwa yanatokea kila koloni na machifu wa mshahara walikuwa hawawezi tena kuyazuia. Ndo maana nasema sheria ilikuwa inawafuata watu nyuma, haikuwaongoza.

Mama Wakili

Nimekuwa nasoma kimya kimya nikiwa kwenye daladala, nimefika nyumbani sasa niweke neno. Naona mnajadili kama kuna kambi mbili, wanaosifu daftari na wanaosifu maandamano. Mimi naangalia sheria kwa kazi yangu, na naona wote mmegusa mguu mmoja wa tembo.

Chukua Uganda. Aliyekuwa mkuu wa idara ya Afrika pale ofisi ya makoloni London, na fikra zake ndo zimejaa kwenye ule waraka wa 1947, ni Andrew Cohen. Mtu wa mageuzi, msomi, anawasema wakoloni wenzake kwa ukale wao. 1952 akapelekwa kuwa gavana Uganda. Novemba 1953 alipobishana na Kabaka (mfalme wa Buganda) Mutesa II kuhusu mustakabali wa Buganda akamkamata akampandisha ndege kwenda Uingereza uhamishoni. Mwandishi wa serikali za mitaa za kidemokrasia! Baganda wakamgeuka, na 1955 ikabidi Kabaka arudishwe. Sio kwamba Cohen alikuwa mnafiki, nadhani aliamini alichoandika. Tatizo ni kwamba sheria zote zile, 1926, 1950, 1953, zilikuwa na kifungu kile kile mahali fulani, kwamba ikishindikana gavana anaweza kuvunja, kufuta, kuteua. Ule mlango wa nyuma ndo sheria yenyewe, hayo mengine ni mapambo ya sebuleni.

Sasa fungua za kwetu. 1962 tumeweka wakuu wa mikoa na wa wilaya wa kisiasa. 1963 tumefuta uchifu, watu wakashangilia, na mi ningeshangilia, lakini tulifuta mtu tukabakisha kiti. Amri za kilimo zikarudi kama sheria ndogo za halmashauri, ekari ya mihogo kwa kila kaya, usipokuwa nayo faini. Kodi ya kichwa ikafutwa, ikaja kodi ya maendeleo miaka ya 80, na wengi hapa mnakumbuka migambo wanavyovizia watu alfajiri gulioni mpaka ilipofutwa 2003. Sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na rais. Diwani umemchagua wewe, ila mwenye kalamu ya pesa hukumchagua na huwezi kumtoa. Bwana Shauri akifufuka leo asubuhi atauliza tu choo kiko wapi, kazi nyingine zote atazikuta anazijua.

Kwahiyo Babu Karani akisema aliyeua halmashauri ni sisi, namwambia ndiyo, na tuliiua kwa kisu tulichokikuta mezani.

Ng'wana Geita

Mama Wakili umeua 🔥 "tulifuta mtu tukabakisha kiti" naiba hiyo.

Babu Karani

Binti, nimekusoma mara mbili. Hicho kifungu cha mlango wa nyuma nakubali kilikuwepo. Baba alikuwa anasema makisio ya hazina yakishaandikwa yanapelekwa kwa Bwana Shauri, yanarudi na wino mwekundu, na wino mwekundu haujadiliwi. Nilikuwa sijawahi kuuona huo wino kama jambo la sheria, nilikuwa nauona kama ukaguzi mzuri.

Lakini sikubali kwamba daftari ni pambo la sebuleni. Watu wa Same walijua wanakataa nini kwa sababu kodi iliandikwa. Mkulima wa Geita alijua faini yake ni shilingi ngapi kwa sababu alipewa stakabadhi. Ukiondoa maandishi anabaki mtendaji na mfuko wake wa suruali, na hapo hata kugoma huwezi maana hujui unagomea kiasi gani. Mlima Uluguru 1955 watu walipogomea matuta ya ngazi kule Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa, serikali iliachana na ule mradi. Iliachana nao kwa sababu ya damu, naam. Lakini ilikuwepo amri iliyoandikwa, yenye jina, ya kuondolewa. Leo michango ya kijiji ya mwenge, ya sijui nini, ya madawati, mingi imeandikwa wapi? Utamwondoa nani barabarani?

Jirani wa Kisumu

Mzee hapo umenena. Huku tuna serikali za kaunti tangu 2013, gavana tunamchagua, MCA (diwani wa kaunti) tunamchagua, na bado ukiuliza ushuru wa soko umeenda wapi unaambiwa sistimu iko chini. Kiti tumekigeuza kikatutazama sisi, daftari ndilo limepotea.

Mpita Njia

Na barabara?

Kifaurongo

Mpita Njia wewe una kichwa kigumu kama sheria ya 1926 😂 Sawa, barabara. Nimempigia mtendaji wa kata leo mchana nikamuuliza pesa ya matengenezo imetengwa kiasi gani, kasema bajeti ilipita ngazi ya kata, ikapita halmashauri, "ila ilirudi kutoka juu imepunguzwa".

Nikamuuliza imepunguzwa na nani. Kasema hajui, ila iliandikwa kwa kalamu nyekundu.

Babu Karani

Mpigie tena, mwambie hiyo karatasi aitunze.